Shamba la Anathothi: Kutazamia Mema kama Uamuzi wa Imani

Kwamba wahubiri wa mafanikio hulitumia vibaya andiko la Yeremia 29:11, ahadi ya amani na tumaini, wanateolojia wengi wamekwisha kukubaliana. Aya iliyotangulia inataja miaka 70. Ahadi hiyo imo katika barua ya nabii kwa waliohamishwa, na wengi wa waliosomewa wangezikwa huko huko Babeli. Ugomvi wangu ni na upande wa pili, wale ambao kwa kuukimbia ushabiki huo wameondoa kabisa matazamio mema katika imani. Mhakiki wa fasihi Terry Eagleton, katika kitabu chake cha 2015, anasifu tumaini kuwa fadhila, lakini kutazamia mema anakuona ni hulka tu, isiyompatia mtu sifa. Hoja hiyo inapendeza darasani. Kwa Yeremia inakwama.

Sura ya 32 inamkuta nabii kizuizini katika mwaka wa 10 wa Sedekia, Yerusalemu ukiwa umezingirwa na jeshi la Babeli. Kuanguka kwa mji amekutangaza mwenyewe. Wala hulka yake haikuwa ya uchangamfu: ndiye aliyeilaani siku ya kuzaliwa kwake (20:14). Hapo anatokea binamu yake, Hanameli, kumwuzia shamba la Anathothi, kijiji ambacho bila shaka kilikuwa tayari chini ya adui. (Muuzaji, tuseme kweli, alijua anachokifanya.) Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi hati, anaita mashahidi, kisha anamwagiza mwandishi wake, Baruku, aziweke hati, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo zipate kudumu. Sala inafuata malipo, nayo imejaa mshangao: anaambiwa anunue ardhi, ilhali mji unaanguka!

Itasemwa kwamba aliamriwa, basi hakuchagua. Lakini aya ya 8 yaonyesha kuwa alipata hakika ya neno lile Hanameli alipokwisha kufika, na amri haikumlipia fedha. Mlinganishe na Hanania, nabii wa uongo wa sura ya 28. Huyu aliahidi ukombozi ndani ya miaka 2, akaivunja nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kuwa ishara ya utumwa wa Babeli. Utabiri wake haukumgharimu hata shekeli.

Aliyeona mapema kwamba kutazamia mema ni uamuzi ni Dietrich Bonhoeffer, mwanateolojia Mjerumani aliyepinga utawala wa Hitler. Katika tafakari aliyowaandikia wenzake mwishoni mwa 1942, alitetea matazamio mema kuwa ni nguvu ya kutowaachia maadui wakati ujao, na akaligusa shamba hili hili la Yeremia. Januari 1943 alichumbia, Aprili akakamatwa, tarehe 9 Aprili 1945 akanyongwa Flossenbürg. Ndoa haikufungwa. Eagleton angesema kifo hicho chathibitisha kuwa tumaini halihitaji matazamio mema. Mimi nasoma kinyume: mtu aliyejua hatari ilivyo hachumbii kwa hulka. Aliyeelemewa na sonona simhukumu kwa kipimo hiki. Lakini kwa sisi wengine, nathubutu kusema, kutotazamia mema huenda kukawa utovu wa utii, hata kukivikwa joho la unyenyekevu wa kitaaluma.