Kenya 1966: Odinga alipojiuzulu, viti vikarudi kwa wapiga kura

Mwezi wa tatu mwaka wa 1966, chama tawala cha Kenya, KANU, kilifanya mkutano mkubwa mjini Limuru. Cheo cha makamu wa rais wa chama kilivunjwa, kikagawanywa kwa watu wanane, kila eneo na wake. Aliyekuwa na cheo hicho ni Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa nchi pia. Aliona kwamba hana nafasi tena. Mwezi wa nne akajiuzulu, akaongoza chama kipya cha upinzani, KPU. Wabunge kadhaa wakamfuata.

Serikali ya Jomo Kenyatta haikuchelewa. Mwezi ule ule bunge lilibadili katiba: mbunge anayehama chama kilichompa kiti anapoteza kiti hicho, na lazima aombe kura upya.

Mwezi wa sita viti 29 vikapigiwa kura. Wakenya waliuita uchaguzi mkuu mdogo. Odinga alishinda kwao Bondo. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta wakati wa ukoloni na aliyetetea maskini wasio na udongo wa kulima, alishindwa Kandara. KPU ilipata viti 9 tu. Mwaka wa 1969 ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini.

Sheria ile ilitungwa ili kubana upinzani. Hata hivyo, wakaaji wa Bondo na Kandara waliulizwa: mnamtaka bado, ao hapana? Wakajibu wenyewe.

Katiba ya Kongo nayo, kifungu cha 110, inasema mbunge anayeacha chama chake kwa kupenda anahesabiwa kuwa ameacha kiti. Lakini hapa kiti kinaenda kwa mbadala aliyeandikwa pamoja naye siku ya uchaguzi. Uchaguzi mdogo unakuja tu kama wabadala wamekwisha. Mpiga kura haulizwi tena.

Na kuna wale ambao hawakuulizwa hata mara ya kwanza. Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Familia nyingi za huko zilikuwa kambini, mbali na mashamba yao. Kwao, swali la mwaka 1966 lingali wazi: kiti cha bunge ni cha chama, ni cha mbunge, ao ni cha mkaaji anayesemewa?