Baniani, Kalasinga na Jiko la Makindu

Makala haya yanahusu Makindu, mji mdogo wa Ukambani ulio kando ya reli ya zamani na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, baina ya Kibwezi na Emali. Tunauangalia mji huu kwa jicho la mhakiki wa fasihi, na swali tunaloliuliza ni moja: kwa nini Mpunjabi wa fasihi yetu ni mkavu kiasi hiki akilinganishwa na Mpunjabi wa historia? Katika riwaya za Kiswahili, na katika zile za Waafrika wa Mashariki walioandika kwa Kiingereza, mtu mwenye asili ya Bara Hindi aghalabu hupewa mahali pawili tu pa kukaa. Ama yuko nyuma ya kaunta ya duka akipima sukari, ama yuko chini ya gari akilitengeneza. Makindu inatuonyesha mahali pa tatu, napo ni jikoni.

Hatuna budi kuanza na majina, kwa kuwa lugha ndiyo iliyowatangulia waandishi. Kiswahili kilimjua Mhindi kwanza kupitia biashara ya pwani. Baniani, yaani mfanyabiashara wa Kihindu aliyetoka hasa Kachi na Gujarati, alikuwa Unguja na Mombasa zamani kabla ya reli, na lugha ikamhifadhi katika methali ambayo kila mwanafunzi anaijua: Baniani mbaya kiatu chake dawa. Leo methali hii hutupiwa mtu yeyote, awe Mmeru au Mmakonde, lakini tukiutazama muundo wake tutaona kwamba mtu anakataliwa na kitu chake kinakubaliwa. Maneno yaliyotufikia kutoka Bara Hindi au kwa kupitia huko yanathibitisha uhusiano huo: pesa, laki, hundi, bepari, duka. Yote yananukia mizani na daftari la madeni.

Wapunjabi hawakuja kwa njia hiyo. Wengi wao waliletwa na Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na kugusa Ziwa Viktoria Desemba 1901. Waingereza waliajiri Bara Hindi vibarua na mafundi 31,983 kwa mkataba wa miaka mitatu, wengi wao kutoka Punjab, wakapakiwa merikebuni Karachi. Kati yao 2,493 walifia kazini, 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, 16,312 walirejea mkataba ulipokwisha, na 6,724 wakabaki. Hesabu hizi tunazitaja kwa sababu zinavunja dhana iliyozoeleka kwamba Waasia wote wa Kenya ni wajukuu wa makuli wa reli. Waliobaki hawakufika robo. Wengi wa waliojaza miji midogo ya baadaye walikuja kwa nauli zao, wakiwafuata ndugu na majirani wa kijijini waliokwisha kutangulia.

Miongoni mwa hao alikuwamo, kama wasimuliavyo Masingasinga wa Kenya wenyewe, mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Kala Singh. Alitembea mashambani na mbugani katika siku za mwanzo za koloni, akajulikana sana kwa wenyeji, na kila Singasinga aliyekuja nyuma yake akaitwa kwa jina lake. Hivi ndivyo Kiswahili kilivyopata neno kalasinga, wingi makalasinga. Ni jambo la nadra lugha kuligeuza jina la mtu mmoja kuwa jina la jamii nzima. Singh maana yake ni simba, na tangu mwaka 1699 ndilo jina la mwanamume anayeingia katika udugu wa Khalsa. (Wanafunzi hufurahi kuliunganisha neno hili na simba wetu. Wasiyaunganishe: simba wa Kiswahili ana mizizi yake katika Kibantu, na mfanano huu ni wa bahati tu.) Bahati hiyo ina kejeli yake, kwani mwaka 1898, kazi ilipokwama kwenye daraja la Tsavo, mmoja wa walioliwa na simba alikuwa msimamizi aitwaye Ungan Singh, ambaye kifo chake kilielezwa na Patterson katika kitabu chake cha 1907. Cheo chake kilikuwa jemadari. Neno hilo tunalijua katika tenzi kama cheo cha amiri wa vita. Relini lilikuwa cheo cha mnyapara wa kundi la vibarua.

Makindu ni zao la maji. Injini za mvuke zilikuwa na kiu, na hapo palikuwa na mto unaolishwa na chemchemi za upande wa vilima vya Chyulu, katikati ya nchi kame. Stesheni ikawa kituo kikubwa cha kuhudumia treni, na stesheni ikazaa mji: wachochea moto, wahunzi, maseremala, waashi, makarani, na pembeni yao wenye maduka. Masingasinga wengi waliokuja Kenya walikuwa wa jamii ya Ramgarhia, ambao kwao useremala, uashi na uhunzi hurithiwa. Hatusemi kwamba mji ulikuwa wao peke yao. Nchi ilikuwa ya Wakamba, na katika nyumba za reli walikuwamo Wahindu na Waislamu wa Punjab pia. Lakini waliojenga kilichodumu ni Masingasinga.

Kwa nini mafundi hawa hawakuwa wakulima, ilhali Punjab ni nchi ya wakulima? Jibu ni la kisiasa. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni, alikubali kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi katika nyanda za juu, na Waraka wa Devonshire wa 1923 ukauacha mlango huo umefungwa, japo ulitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa. Mbali na vipande vya tambarare kama Kibos, karibu na Kisumu, Mpunjabi alibaki na stesheni, karakana na kituo cha biashara. Mwandishi anayemweka Mhindi dukani tu, bila ya kuuliza kwa nini hayuko shambani, anaichukua sera ya mkoloni kuwa tabia ya mtu.

Miaka mitatu baada ya waraka huo, yaani 1926, Masingasinga wa reli walijenga gurdwara, hekalu lao, hapo Makindu. Masimulizi ya jamii yanasema kwamba kabla ya hapo wafanyakazi walisali chini ya mti, na kwamba kuna aliyemwona mahali hapo mtu mtukufu juu ya farasi mweupe. Masimulizi hayo hayo husisitiza kwamba Wahindu, Waislamu na Waafrika walitia mkono katika shughuli za mahali hapo. Mhakiki wa fasihi simulizi hatapata tabu kuvitambua viungo hivi: mti, nchi kame, maji, mgeni asiyejulikana atokako. Ni visaasili vya mwanzo wa mji, kama vile ambavyo pwani inavyo kwa kila mji wake mkongwe.

Kila gurdwara ina langar, yaani jiko na ukumbi wa kula ambao hautozi senti. Desturi hii inatokana na mafundisho ya Guru Nanak (1469–1539), na ilikusudiwa kuvunja utengano wa matabaka ya Kihindi, ambamo kula pamoja na mtu wa chini kulihesabiwa unajisi. Wote huketi chini kwa safu moja, tajiri na fukara, na kinachopakuliwa hakina nyama ili asiwepo wa kukikataa. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, haingii na tumbaku wala pombe, kisha huletewa chapati, dengu, wali na chai yenye maziwa. Makindu ikaongeza malazi, kwa kuwa ilikuwa njiani. Msafiri wa dini yoyote na rangi yoyote alikula akalala bila ya kulipa, na mpaka leo hali ni hiyo.

Hapa pana jambo linalomgusa msomaji wa fasihi moja kwa moja. Kitabu kitakatifu cha Masingasinga, Guru Granth Sahib, ni diwani ya mashairi ya kuimbwa, na ndani yake mna beti za watu wasiokuwa Masingasinga, kama vile Kabir na Sheikh Farid, sufii wa Kiislamu. Kipunjabi chenyewe huandikwa kwa hati mbili, Gurmukhi na ile iliyotokana na hati ya Kiarabu na Kiajemi, jambo ambalo kwa Mswahili mwenye tenzi zake katika hati ya Kiarabu na riwaya zake katika hati ya Kirumi si geni hata kidogo. Aliyekuwa akiitwa kalasinga kwa dharau, spana mkononi, mara nyingi alikuwa mtu wa diwani. Makhan Singh, aliyefika Kenya mwaka 1927 akiwa kijana na kuanzisha chama cha wafanyakazi Nairobi mwaka 1935, alikuwa mshairi wa Kipunjabi kabla ya kuwa mfungwa wa siasa. Serikali ilimweka kizuizini tangu 1950 hadi 1961.

Tusiipambe Makindu kupita kiasi. Safu ya langar iliisha pale mlangoni. Nje yake reli ililipa mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na nyumba za wafanyakazi zikapangwa vivyo hivyo. Ndoa baina ya jamii hizi zilikuwa nadra, na fundi wa Kipunjabi aliyekula sakafuni na kibarua wa Kikamba siku ya ibada aliweza kumwita boi kesho yake karakanani. Waandishi wetu hawakuuzua ubaguzi waliouandika. Tunachodai ni kwamba ukinzani huu, mtu anayekupakulia chakula Jumapili na kukutumikisha Jumatatu, ndio malighafi ya riwaya, na umeachwa.

Mji ulianza kupungukiwa na Wapunjabi wake kwa sababu zilizofuatana. Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili, na huku kwetu neno Mhindi halikutosha tena kwa pande zote. Maandishi ya serikali yakaanza kusema Waasia. Injini za dizeli hazikuhitaji maji ya Makindu kama zile za mvuke. Kisha sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikawafungia wasio raia wa Kenya nje ya biashara katika sehemu nyingi za nchi, na mwanzoni mwa 1968 maelfu waliharakisha kwenda Uingereza kabla sheria mpya ya uhamiaji ya huko kuwafungia mlango. Miji midogo ndiyo iliyoumia zaidi. Hekalu likabaki karibu bila ya waumini wa kukaa, likilishwa na michango ya wenzao wa mijini na ng'ambo, na walaji wake wengi wakawa wasafiri wa barabarani. Treni mpya ya abiria, iliyoanza Mei 2017, huwashusha watu Kibwezi na Emali. Makindu haina kituo. Julai ya mwaka huo huo serikali ya Kenya iliwatambua Waasia kuwa kabila la 44.

Sasa turudi kwenye vitabu. Katika A Grain of Wheat (1967) cha Ngugi wa Thiong'o, kituo cha biashara cha Rung'ei kina reli na safu ya maduka ya Wahindi. Ni pacha wa Makindu, lakini Wahindi wake ni sehemu ya mandhari, kama mabati ya maduka yao. Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi inapiga hatua kubwa zaidi kwa kumfanya Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, kuwa mhusika mkuu. Hata hivyo anakuwa mtu kamili kwa kumkimbia mumewe Bwana Raza na duka lake. Ukamilifu wake unapatikana nje ya jamii yake, si ndani yake. M. G. Vassanji, katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), ndiye aliyeingia ndani ya nyumba ya Wapunjabi wa reli, na kwa sababu hiyo msimulizi wake anaruhusiwa kuwa mwema na fisadi kwa pamoja. Wanafunzi hapa Nchiru, ambako reli haikuwahi kufika, hukijua chapati kama chakula cha Krismasi, na wengi hawajawahi kujiuliza kilipita jiko la nani.

Abdulrazak Gurnah ndiye anayelikaribia zaidi jambo letu. Katika Paradise (1994) yumo fundi wa magari, Harbans Singh, ambaye watu wote humwita Kalasinga. Ana spana kama wenzake wote wa fasihini, lakini pia anakaa barazani na Waislamu akibishana nao juu ya pepo na moto, na ana azma ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Jiko lake hatulioni. Tunauona ulimi wake, na huo ni mwanzo. Mwaka 2022 riwaya hiyo ilitoka kwa Kiswahili, Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kala Singh wa masimulizi alikuwa na jina lake mwenyewe, likachukuliwa likawa la kila mtu. Katika Peponi neno hilo limerudi Kiswahili likiwa limefanywa tena jina la mtu mmoja, mwenye hasira zake, mzaha wake na hoja zake juu ya Mungu.