Programu iliyobisha hodi hewani

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa naenda kukutana na mtu aliyetaka kunionyesha nyaraka. Nikazima simu, nikaiacha nyumbani. Rafiki yangu akacheka, eti naigiza sinema. Ngoja niwaeleze tabia hii nimeitoa wapi.

Mwaka 2001 mtaalamu wa kompyuta Marius Milner alitoa programu ya bure ya Windows iitwayo NetStumbler. Ukiifungua kwenye laptopu yenye kadi ya mtandao usio na waya, ilipiga hodi hewani. Vifaa vya kurushia mtandao vilivyokuwa jirani vikaitika, kila kimoja kikitaja jina lake, namba yake na chaneli yake. Kwenye skrini zikajipanga doti: kijani maana yake mawimbi yana nguvu, na yenye alama ya kufuli maana yake mtandao umefungwa. Siku hizo kufuli zilikuwa za kutafuta!

Mwaka huohuo, kwenye mkutano wa DEF CON kule Las Vegas, Peter Shipley alieleza alichokipata akizunguka na gari eneo la San Francisco, laptopu na antena pembeni. Mitandao mingi, hata ya makampuni, ilikuwa wazi kabisa. Vijana wakaufanya mchezo. Wezi nao wakajifunza: Julai 2005 walinasa mawimbi ya duka la Marshalls karibu na St. Paul, Minnesota, wakapenya hadi kwenye kompyuta za kampuni mama, TJX. Mwaka 2007 kampuni ilikiri kuibiwa taarifa za kadi zisizopungua milioni 45.7.

Lakini hayo ni ya maduka. Mimi kilichonigusa ni kwamba simu nayo hubisha hodi. Wi-Fi ikiwa imewashwa, inatafuta mitandao, na kwa miaka mingi kila ilipotafuta ilitaja namba yake ya kiwandani (si ile ya kupigia), ambayo haibadiliki. Anayesikiliza hana haja hata ya kuuliza. Agosti 2013 ikajulikana kuwa kampuni ya Renew imeweka vinasa vya namba hizo ndani ya mapipa ya taka ya City of London, kuhesabu wapita njia na kujua nani karudi tena. Mapipa ya taka, jamani! Wakuu wa mji wakaitaka iache.

Mwaka 2014 Apple, kwenye iOS 8, ilianza kuifanya simu itumie namba za kubuni inapotafuta mtandao, na Android ikafuata. Afadhali. Ila mwaka 2017 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa simu nyingi bado zinaweza kutambulika, na mnara wa simu nao una kumbukumbu zake.

Basi bwana, mtu wangu akafika na simu mbili, zote zinawaka. Nikamwomba azizime kwanza, ndipo tukaagiza chai.