Waliokataa Programu Zifungwe

Kwenye mwaka 1980 hivi, maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT, Marekani, ililetewa printa mpya ya leza iliyotengenezwa na Xerox. Ilikuwa na kasi, ila karatasi zilikwama mara kwa mara. Printa ya zamani nayo ilikuwa na tabia hiyohiyo, lakini kijana mmoja wa maabara, Richard Stallman, alikuwa ameshaitafutia dawa: aliifungua programu yake na kuongeza mistari michache, ikawa karatasi ikikwama, kila anayesubiri kazi yake anapata ujumbe kwenye skrini, na mmoja wao ananyanyuka kwenda kuinasua. Kwa printa mpya hilo halikuwezekana. Xerox ilileta mashine bila msimbo, yaani maandishi ambayo mtaalamu huyasoma na kuyarekebisha. Stallman alipomfuata mtafiti wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao, alinyimwa. Mwenzake alishatia sahihi kwamba hatampa mtu.

Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuandika upya mfumo mzima wa kompyuta ambao hakuna atakayeweza kuufungia. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Inamruhusu yeyote kuitumia programu, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kuigawa. Sharti ni moja, kwamba akiigawa aliyoibadilisha, naye asiwafungie wanaomfuata. Watu wengi hawajawahi kuisoma, na siwalaumu, maana ni maandishi makavu ya kisheria. Hata hivyo, kwa maoni yangu, leseni hiyo ni uvumbuzi mkubwa kuliko programu yoyote iliyotolewa chini yake. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianza kuandika Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta, mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya GPL. Leo Linux ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android.

Faida ya leseni za namna hii huonekana zaidi pale mwenye mali anapochoka. Netscape ilipozidiwa na Microsoft, iliuweka wazi msimbo wa kivinjari chake mwaka 1998; kutokana na msimbo huo, Novemba 2004 ilitoka Firefox 1.0. StarOffice, programu ya ofisi kutoka Ujerumani, ilinunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999, ikafunguliwa na kuitwa OpenOffice. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi waliingiwa na wasiwasi, wakachukua msimbo wao na kuondoka. Ndiyo LibreOffice tunayoitumia leo. Hakuna aliyewazuia, kwa kuwa leseni ilishawapa ruhusa.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake katika historia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba kibali cha mtu. Walihitaji subira ya kukaa na maelfu ya maneno na kuyatafsiri. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, na hadi mwaka 2011 kampuni yake ilituma sidii za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Kwa nchi ambazo intaneti ilikuwa ikilipiwa kwa dakika kwenye kafe, bahasha ile ilikuwa na maana kubwa kuliko hotuba nyingi za maendeleo.

Faida ya Linux huonekana hata mitaani. Chukua jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa chuo analijua. Amepeleka flashi stationery kuchapa ripoti ya field. Akirudi na kuifungua, mafaili hayapo. Anaona vialama vyenye mshale mdogo tu. Wengi hapo hulia, hufomati flashi na kuanza ripoti upya. Kumbe ripoti ipo: kirusi kimeyaficha mafaili na kuweka viungo vyake juu. Flashi hiyohiyo ikichomekwa kwenye kompyuta ya Linux, mafaili yote huonekana, kwa sababu kirusi kimeandikwa kwa ajili ya Windows na alama ya kuficha haiheshimiwi huko. Na huenda kompyuta ile ya stationery iliambukizwa kupitia programu iliyokrakiwa, wakati kazi hiyohiyo ingefanywa na LibreOffice bila senti moja.

Kwenye usalama, habari ni ndefu na chungu. Mwaka 1991 Phil Zimmermann wa Colorado alitoa PGP, programu ya kufunga barua pepe kwa siri. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa miaka mitatu, kwani sheria ya wakati huo iliihesabu programu kali ya usiri kuwa silaha isiyoruhusiwa kusafirishwa nje. Mwaka 1995 msimbo wote ulichapishwa kama kitabu, maana uhuru wa kuchapisha unalindwa na katiba. Uchunguzi ulifutwa mwaka 1996. GnuPG, mrithi wake huria, ilitoka mikononi mwa Mjerumani Werner Koch, na hadi mwaka 2015 dunia ilipopata habari zake, alikuwa akiibeba karibu peke yake huku fedha zikimwishia.

Hapo ndipo penye ubovu. Kosa la Heartbleed lilipogunduliwa Aprili 2014, OpenSSL, iliyolinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilikuwa ikipata takriban dola 2,000 za michango kwa mwaka. Machi 2024 hali ilikuwa mbaya zaidi: mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akijipatia imani ya msimamizi mmoja aliyechoka, kisha akapenyeza mlango wa siri ndani ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, angebaki na mshangao wake.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, aipakue LibreOffice kwenye tovuti ya wenyewe, na 7-Zip ya kubana mafaili, VLC ya kuchezea video na KeePass ya kutunzia nywila vivyo hivyo, asichukue nakala za mitaani. Na ofisi inayookoa mamilioni ya ada za leseni kila mwaka iwatumie wasimamizi wa programu hizo japo sehemu yake.