Do inahama au haihami? Safari ya nota mpaka kwenye kwaya zetu

Wenzetu, kwenye mazoezi ya kwaya kuna ubishi ambao hauishi. Waliosoma shule za Kongo na Burundi walifundishwa solfeji ya Kifaransa: do ni ile ile siku zote, ina mahali pake kwenye kinanda na haitoki hapo. Waliojifunza kwenye kwaya za Tanzania wanaandika herufi, d r m f s l t, na kwao do inahamia popote wimbo unapofanya makazi. Kila mmoja anamwona mwenzake hajui. Basi tukaamua kutafuta alama hizi zimetoka wapi, na kumbe historia yake ina mambo yanayotuhusu sana sisi wa kambini.

Tuanze na Guido, mtawa wa Italia aliyeishi miaka kama 1,000 iliyopita. Alikuwa kwenye monasteri ya Pomposa. Zamani hizo nyimbo za kanisa zilishikwa kwa kichwa. Vialama vilikuwepo juu ya maneno, lakini vilikukumbusha tu wimbo ambao tayari unaujua. Mwimbaji aliweza kumaliza miaka 10 akijifunza na bado anamtegemea mwalimu. Guido akapanga mistari, kila mstari na sauti yake, hivyo ukiona alama imekaa juu ya mstari au katikati ya miwili, unajua uimbe nini. Akazipa sauti sita majina: ut, re, mi, fa, sol, la. Aliyatoa kwenye silabi za mwanzo za wimbo wa Yohana Mbatizaji, ambao kila kipande chake kilianza sauti moja juu zaidi. Baadaye sana ut ikawa do, na ya saba ikaongezwa.

Sasa sikieni malipo yake. Wenzake walimwonea wivu, akaondoka. Kwenye barua kwa rafiki yake Mikaeli, ambayo ipo hadi leo, anajieleza kama mtu aliyefukuziwa mbali. Akapokelewa Arezzo, na ndiyo maana anaitwa Guido wa Arezzo. Yaani dunia inamjua kwa jina la mji uliompokea! Papa Yohane wa 19 alimwita Roma, akakijaribu kitabu chake, na hapo hapo akaimba kipande ambacho hajawahi kukisikia.

Herufi zetu ni za juzi tu. Zilianza na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliyetoa kitabu chake mwaka 1835. Mchungaji John Curwen, ambaye mwenyewe alikuwa anapata shida kusoma nota, aliombwa mwaka 1841 na walimu wa shule za Jumapili awatafutie njia rahisi ya kufundisha kuimba. Akaichukua njia ya Glover na kuirekebisha. Uzuri wake ni bei: hakuna mistari mitano ya kuchora, na mashine yoyote ya kuchapa barua inaweza kuichapa. Ukikuta | s :m | d :– | unaimba so, mi, halafu do unaivuta mapigo mawili. Mstari wa kusimama unaonyesha pigo zito linaanzia wapi, nukta mbili zinatenga pigo na pigo, kistari kinasema endelea kushika. Juu ya ukurasa unaandika do ni ipi, tuseme G. Hapo ndugu zetu wa solfeji wanachanganyikiwa, maana G kwao inaitwa sol. Lakini hakuna aliyekosea: wao wanataja mahali kwenye kinanda, hawa wanataja kazi ya sauti ndani ya wimbo.

Wamisionari walizipeleka herufi hizi Afrika Kusini, na huko akatokea Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Mnaijua hata kama hamjui: sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Nyimbo zake aliziandika kwa herufi kwenye daftari la kawaida. Alifariki mwaka 1905, bado kijana. Walimu wa kwaya wakawa wanaliazima lile daftari, likapita mkono hadi mkono, mwishowe likabaki kwa ndugu wa familia, na halijaonekana tena. Hata kaburi lilisumbua kupatikana, kwa sababu kwenye rejesta aliandikwa Enoch tu, bila jina la ukoo. Lilitangazwa mnara wa taifa mwaka 1996. Wimbo wenyewe ulipona kwa sababu ulishaingia kwenye kwaya nyingi, ukarekodiwa London mwaka 1923 na Sol Plaatje, na mwaka 1927 ukachapwa. Nyingine zilizokuwa kwenye daftari lile hazikupata bahati hiyo.

Kalamu ina upande mwingine pia. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, watoto na walimu wa misheni waliimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa sauti za nyumbani. Sehemu kubwa waliibuni wakiwa wanaimba. Karatasi ilikuja baadaye. Leo ukiitafuta, jina la kwanza utakaloliona ni la padre Mbelgiji, Guido Haazen (Guido mwingine!). Waimbaji wanatajwa kwa jina la kundi, Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa mfalme wa Ubelgiji.

Hapa kambini nyimbo nyingi zimo vichwani mwa watu wachache. Mwalimu wa kwaya akipata safari ya Marekani au Kanada tunafurahi naye, tunamsindikiza kwenye basi, na wiki inayofuata tunagundua kwamba besi ya nyimbo tano imeondoka naye. Simu zinasaidia, lakini simu inaharibika, inauzwa, inaibiwa. Wenzetu wa mashirika mkituuliza tunahitaji nini, si lazima kiwe kinanda. Madaftari magumu na kalamu zisizofutika yangetosha kabisa.

Tumeanza na madaftari mawili yanayofanana, ili moja likiazimwa jingine libaki. Juu ya kila wimbo tunaandika jina kamili la mtungaji, kijiji chake na tarehe, ndipo zinafuata herufi. Ngoma bado zinatushinda, na pia zile sauti za bibi zetu ambazo hazikai kwenye mi wala kwenye fa, ziko katikati. Sehemu hizo tunaziwekea alama na kuandika pembeni: hapa muulizeni bibi.