Mto, Kijito au Mtaro? Historia ya Uainishaji wa Njia za Maji ya Mvua katika Ramani za Dar es Salaam

Utangulizi

Mto Ng'ombe, unaopita Tandale jijini Dar es Salaam, ni mmoja wa mito midogo ya bonde la Msimbazi. Kwa jina ni mto. Kwa sura, katika sehemu iliyojengewa kingo za zege chini ya mradi wa DMDP ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ni mtaro. Anayeuchora katika ramani ya kompyuta hawezi kuandika yote mawili, kwa kuwa kila mstari hupewa aina moja tu. Makala hii inajadili namna uchaguzi huo ulivyojengeka kihistoria, na inadai kuwa suala la istilahi hapa ni suala la haki ya makazi pia.

Mtaro kama kazi ya serikali

Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani waliifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na Waingereza waliitwaa mwaka 1916. Tawala zote mbili ziliugawa mji kwa misingi ya rangi, mgawanyo ambao Kiswahili kiliuhifadhi katika majina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baada ya kubainika, mwishoni mwa karne ya 19, kwamba malaria huenezwa na mbu, maji yaliyotuama yalihesabiwa kuwa adui wa afya, na uchimbaji wa mitaro ukawa sehemu ya kazi za tiba. Kwa mtazamo huo, mtaro ulikuwa kitu kilichopangwa, kikagharimiwa na kutunzwa na mamlaka. Mto ulikuwa kile kilichokutwa.

Mpaka huo ulififia kadiri mji ulivyokua. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu wakazi 272,821. Ile ya mwaka 2012 ilihesabu 4,364,541. Wengi wao walijenga katika makazi yasiyopimwa, ambako vijito vilibeba maji ya mvua, maji machafu na taka kwa pamoja. Kijito kikawa kinafanya kazi ya mtaro bila kuchimbwa na mtu. Kwingine wakazi walichimba njia za maji wenyewe, na zile zilizochimbwa zikapanuliwa na mvua hadi kufanana na makorongo.

Lebo kutoka mbali

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya walionusurika walihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Takwimu zao ziliingizwa katika OpenStreetMap, hifadhi ya ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na iliyo wazi kwa kila mtu.

Lebo za hifadhi hiyo ni za Kiingereza. Njia ya maji iliyochimbwa ikijengewa kwa zege au mawe huitwa "drain", na ikiwa ya udongo mtupu huitwa "ditch". Ya asili iliyo nyembamba huitwa "stream", na kipimo chake ni kwamba mtu mwenye nguvu aweza kuiruka. Kipimo hicho kinafaa nchi ambayo maji ya vijito hayabadiliki sana mwaka mzima. Dar es Salaam ina masika na vuli. Njia ya maji ambayo mtoto huiruka mwezi wa Agosti yaweza kubomoa ukuta wa nyumba mwezi wa Aprili.

Kiswahili nacho hakigawi kwa mistari hiyohiyo. Neno mtaro hujumuisha wa zege na wa udongo, na msemaji huongeza sifa pale tu tofauti hiyo inapohitajika. Neno mfereji lina utata zaidi: Zanzibar na Mombasa ni bomba la maji ya kunywa, Kilimanjaro ni njia ya maji ya kumwagilia mashamba, na katika vitabu vya jiografia ni Suezi. Fomu inayouliza "mfereji uko wapi?" itapata majibu tofauti katika miji tofauti, na hakuna mjibuji atakayekuwa amekosea.

Neno na mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtaro wa barabarani hauna ukanda wa namna hiyo. Kati ya Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa au kuwekewa alama ya X. Hoja hapa si kwamba ramani ndizo zilizozibomoa. Hoja ni kwamba, katika mji ambamo mita 60 huamua nyumba ipi isimame, neno linaloandikwa kando ya mstari haliwezi kuhesabiwa kuwa jambo la kiufundi tu. Jina huamua pia wajibu: mto huangukia mamlaka ya bonde la maji, na mtaro wa barabara huangukia wakala wa barabara. Njia ya maji isiyo na jina la hakika hukosa wa kuizibua.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa lebo moja imebebeshwa maswali matatu: njia ya maji ilitokana na nini, imejengwa kwa nini, na hujaa lini. Inapendekezwa kila swali liwe na safu yake katika takwimu, na jina linalotumiwa na wakazi liwe na safu ya nne. Mto Ng'ombe ungeandikwa kuwa wa asili, wenye kingo za zege, bila kupoteza jina lake.

Wakati wa kufanya hivyo ni huu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, hivyo atakayefasiri kifungu cha mita 60 atalazimika kuamua kama kijito ni mto. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuwakutanisha wanaistilahi, wahandisi na wanasheria kabla miji mingine ya ukanda huu haijaanza kuchora mitaro yake kwa fomu zilezile. Wajumbe wa mitaa nao wawe mezani, kwa kuwa ndio wanaojua maji ya Aprili yalifika wapi.