Rungu, Njiwa na Mikono Iliyoshikana

Katika bustani ya Central Park jijini Nairobi kuna sanamu ya mlima, na kileleni mwake umechomoza mkono ulioshika rungu. Mlima ni Mlima Kenya. Rungu ni fimbo ya Nyayo, ile aliyotembea nayo Rais Daniel arap Moi popote alipokwenda, na hakuna Mkenya wa enzi hizo asiyeijua. Mnara huo ulijengwa mwaka 1988 kuadhimisha miaka 10 ya utawala wake. Ujumbe wake ni ule ambao kwaya za shule ziliuimba kila sikukuu ya taifa: amani, upendo na umoja.

Kwa jamii nyingi za Kenya, rungu la mzee ni alama ya mamlaka na ulinzi. Mzee akilinyanyua barazani, watu hunyamaza wamsikilize. Hata hivyo, ni vigumu kuutazama mkono ule bila kujiuliza kwa nini upendo ulipewa alama ya silaha, na kwa nini umoja wa mamilioni ya watu uliwekwa katika kiganja cha mtu mmoja.

Moi alishika madaraka Agosti 1978, Jomo Kenyatta alipofariki, akaahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Ahadi hiyo iligeuka kuwa falsafa ya dola, na mwaka 1986 kikatolewa kitabu cha falsafa hiyo kwa jina la rais mwenyewe. Jina la Nyayo likapewa maziwa ya wanafunzi, uwanja wa michezo, wodi za hospitali, hata gari lililotarajiwa kuundwa nchini. Bustani za jiji nazo hazingeachwa nyuma.

Nairobi ilikuwa imezoea kutawaliwa kwa sanamu. Malkia Victoria alisimamishwa katika bustani ya Jeevanjee mwaka 1906, zawadi ya mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alikuwa na sanamu yake katikati ya mji hadi uhuru ulipomwondoa. Mwaka 1973 Kenyatta akaketishwa, kwa shaba, mbele ya jumba la mikutano la KICC. Walibadilika watu waliochongwa; desturi ya kumtukuza mkubwa ikabaki. Kampala ilichagua njia nyingine mwaka 1962. Mnara wake wa uhuru, kazi ya Gregory Maloba, mchongaji aliyezaliwa Kenya na kusomea Makerere, unamwonyesha mama akimwinua mtoto wake juu. Haumo uso wa kiongozi yeyote.

Kwa haki, enzi ya Nyayo nayo iliacha kazi moja yenye sura ya kuvutia. Iko Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata, mahali ambapo usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Kenya ikapandishwa. Mnara wa mwaka 1983, wa kuadhimisha miaka 20 ya uhuru, ni nguzo ya mita 24. Juu kabisa kuna mikono iliyoshikana na njiwa wa amani, na chini wapigania uhuru wanapandisha bendera. Hapo upendo na umoja vimepewa alama ambayo hata mtoto anaielewa bila kufafanuliwa.

Lakini mwaka huo wa 1983 ulikuwa na kivuli chake. Juni 1982 katiba ilirekebishwa na KANU ikawa chama pekee halali. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa, na damu nyingi ikamwagika. Mikono ya mnarani ilishikana wakati watu wa mtaani walikuwa wanaogopa kuzungumza. Tena wapo wapiganaji wa Mau Mau, waliopigana na wakoloni, ambao wangeweza kujitambua katika sanamu zile za chini, ilhali chama chao kiliendelea kuwa haramu kisheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa.

Mwaka huohuo wa 1983 lilikamilika pia jengo la Nyayo House, ghorofa 27, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Kutoka hapo hadi bustani ya Central Park ni kuvuka barabara tu. Kuanzia mwaka 1986, watu walioshukiwa kuwa wa kundi la siri la Mwakenya walipelekwa katika seli zake za chini ya ardhi: wahadhiri, wanafunzi, wanahabari, wakulima. Walipigwa, walinyimwa chakula, wengine wakasimamishwa siku kadhaa ndani ya maji. Mnara wa amani, upendo na umoja ulipozinduliwa, yote hayo yalikuwa yamekwisha kutendeka ng'ambo ya barabara. Mwaka huo huo, 1988, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea wao, na mara nyingi aliyetangazwa mshindi ndiye aliyekuwa na mstari mfupi. Yeyote anayetaka kuielewa historia ya sanamu hizi inampasa ayatazame majengo yanayozizunguka, kwa kuwa jiwe peke yake halisemi yote.

Kisha ikaja zamu ya Uhuru Park, bustani ambayo Kenyatta aliifungua kwa umma mwaka 1969. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama tawala, pamoja na tajiri wa magazeti wa Uingereza Robert Maxwell, kinapanga kujenga humo jengo la ghorofa 60 la gazeti la Kenya Times. Mbele yake ingesimama sanamu kubwa ya Moi. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliandika barua baada ya barua, kwa ofisi za serikali na kwa wafadhili, akiuliza kwa nini raia wanyang'anywe mahali pao pa kupumzikia. Bungeni alikejeliwa kuwa mwanamke aliyeachika. Shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali. Lakini wafadhili walirudi nyuma, mradi ukafa, na sanamu ile haikusimamishwa. Pengine ndiyo sanamu yenye maana kuliko zote katika bustani hiyo, ingawa haipo.

Februari 1992, Maathai alirudi kwenye kona ya bustani hiyohiyo pamoja na akina mama wazee waliokuwa na wana gerezani kwa sababu za kisiasa. Miongoni mwao alikuwa Monica Wamwere, mama wa Koigi, mmoja wa wafungwa hao. Waligoma kula na kudai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari, laana nzito ambayo mwana yeyote aliyelelewa vyema anaiogopa. Walihamia kanisa la All Saints, hatua chache kutoka hapo, wakashikilia msimamo wao hadi wana wao wengi walipoachiwa mwaka 1993. Kona ile tangu hapo inaitwa Freedom Corner, jina ililopata bila mkasi wala utepe.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Uhuru Park ilizingirwa na askari wa kikosi cha GSU ili wapinzani wasifanye mkutano. Minara ya umoja ilikuwa palepale, isiweze kumtuliza yeyote. Siku hizo maneno ya kuomba amani yalitoka Kibera, kwa mchoraji Solomon Muyundo, maarufu Solo 7, aliyeyaandika kwa rangi kwenye kuta na mabati ya mtaa uliokuwa ukiungua.

Freedom Corner ilipata sanamu yake tarehe 12 Septemba 2015. Ni kumbukumbu ya waliodhulumiwa na wakoloni katika vita vya Mau Mau, iliyogharamiwa na serikali ya Uingereza kutokana na mapatano ya mwaka 2013, yaliyowapa fidia wazee 5,228. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso ili, akikamatwa na kuteswa, asiweze kumtaja mwenzake. Chini ya sheria za Hali ya Hatari zilizowekwa na wakoloni, kuwapelekea chakula watu wa msituni kuliweza kumfikisha mtu kitanzini, na katika miaka ile Waingereza waliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000. Mchongaji hakuhitaji njiwa wala rungu. Aliuonyesha umoja kama ulivyofanyika gizani, kati ya mtu mwenye njaa na mwanamke ambaye jina lake hakutaka kulijua.